Mgeni Asiyetazama Kuku

Arusha, 17 Mei 2020

Shangazi yangu Epifania,

Shikamoo. Naamini barua hii imekukuta mzima, na baridi ya Kasense haijaanza kukuuma magoti. Mimi sijambo. Nimempa konda wa basi ailete kwa sababu nakujua: simu yako inachajiwa dukani kwa Jane, na Jane anapokea simu za watu kama zake.

Huku Arusha kumekauka. Tangu ndege zisimame sijaendesha mzungu hata mmoja. Magari ya kampuni yamefunikwa maturubai na sisi madereva tumeambiwa tukae nyumbani tusubiri. Ukikohoa dukani watu wanakupisha kama mkuu wa mkoa. Siku hizi hata jirani unamsalimia ukiwa umesimama mbali.

Sasa Shangazi, nimepata wazo. Watu wa mijini wamechoka kuogopana. Wenye nafasi wanatafuta mahali pa kupumzikia, penye hewa na watu wachache. Wazungu hawaji, lakini Watanzania wenzetu wapo, na wengi wao hawajawahi kukanyaga Ufipa. Nyumba ya marehemu baba imefungwa tangu tulipomzika. Naomba niwalete wageni wachache. Watalala pale, watakula chakula chetu, watazunguka shambani, kisha watarudi kwao. Wenyewe wanaita likizo ya shambani. Kuwatafuta ni kazi yangu, wewe utawapokea tu.

Halafu niambie, shamba la juu mmelilima mwaka huu au limelala? Ni kutaka kujua tu.

Mwanao,
Vitus

*

Kasense, 21 Juni 2020

Mwanangu Vitus,

Marahaba. Barua yako ilizunguka na konda mpaka Mpanda ikarudi, ndiyo maana jibu limechelewa. Sisi wazima. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Ndugu yako Mathias, mtoto wa baba yako mdogo, alipanda kutoka Kipili akatuletea migebuka mikavu ya ziwani, tumekula mpaka paka akakinai. Kanisani tunanawa mlangoni, na Padre amesema tusishikane mikono wakati wa amani. Wazee wamefurahi. Tunapigiana makofi kama babu zetu walivyosalimiana, na sijaona aliyerudi nyumbani amepungukiwa amani.

Hukuandika kama mkeo Lydia hajambo, wala mtoto wenu Justa. Nimeisoma barua mara mbili nikidhani ni macho yangu.

Kuhusu wageni. Unamkumbuka Rafaeli, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito? Mwanawe wa Dar naye alianza na wageni. Walikuja, wakala kuku, wakasifu hewa. Mwaka uliofuata Rafaeli aliamka akakuta bikoni za wapima zimesimama katikati ya ulezi wake, na karatasi yenye sahihi ya mwanawe. Sasa anaishi kwa dada yake na hana hata pa kupanda boga. Sisemi wewe ni mwana wa Rafaeli. Nasema nami nina macho.

Walete. Nyumba nitaifungua, nitafukuza popo. Lakini ujue jambo moja nisije nikalirudia: shamba hili ndilo linalotulisha, mimi na nyumba zote za ukoo huu. Nimezaliwa juu yake, kaka yangu amelala ndani yake, nami sina pengine pa kulazwa.

Umeuliza kama shamba la juu limelala. Limelala. Aliyelala hajafa.

Shangazi yako,
Epifania

*

Arusha, 12 Julai 2020

Shangazi,

Shikamoo. Nimecheka na nimeumia. Mimi na mwana wa Rafaeli wapi na wapi? Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini kovu ni la Rafaeli, wewe unalia nini?

Wageni wa kwanza wanakuja Agosti, dada mmoja anaitwa Sharon na mume wake, watu wa benki kutoka Dar. Tangu mwezi wa tatu wanafanyia kazi chumbani. Tafadhali weka ndoo ya maji tiririka na sabuni, wanapenda sana kunawa. Lydia anakusalimu.

Vitus

*

Kasense, 30 Agosti 2020

Mwanangu,

Marahaba. Wageni wako wamekuja na wameondoka, na nyumba imekuwa kubwa.

Siku ya kwanza walinawa mpaka sabuni ikaisha. Siku ya pili Sharon alikaa kwenye gogo akatazama kuku tangu asubuhi. Akaniuliza yule mwekundu ana jina gani. Nikamwambia kuku hatuwapi majina, tunawala. Akampa jina mwenyewe, na sasa siwezi kumchinja. Siku ya tatu nikafanya kama tulivyolelewa: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mume alifikiri ni utani, akapiga picha na jembe akaliweka chini. Nikaliokota nikamrudishia. Tulikwenda bustani ya bondeni, akapata malengelenge, akayaonyesha watu kanisani kwa fahari. Mke nilimpa fimbo apure ulezi na wanawake. Aliupiga kwa hasira ya miezi yote aliyokaa ndani, akalia kidogo, akaomba apewe na wa kesho. Wakati wa kuondoka alipiga goti na kupiga makofi vizuri kabisa. Amesema atarudi.

Nakiri kwamba nilifurahi. Nilidhani nitalisha watu wanaotupigia picha tulivyo maskini. Kumbe kuna watu wamechoka tu na wanataka mtu mzima awaambie waamke.

Lydia namrudishia salamu, ila angeziandika mwenyewe. Ana mwandiko mzuri kuliko wako, na kila mwaka alikuwa anaandika mstari chini ya barua yako.

Shangazi yako,
Epifania

*

Arusha, 8 Novemba 2020

Shangazi mpendwa,

Shikamoo sana. Poleni na upepo, natumaini mvua zimewakaribia. Nashukuru kwa mapokezi ya Sharon, amenisifia mpaka nikaona aibu.

Krismasi utampokea Bwana Theodory. Ni mfanyabiashara, amechoka, daktari amemwambia apumzike mahali pa baridi. Huyu ni mtu wangu wa maana sana, Shangazi. Nakuomba kitu kimoja: usimpe jembe. Na akitaka kutembea shamba la juu mwache atembee. Anapenda kuona mbali.

Lydia ana shughuli nyingi, ndiyo maana haandiki.

Vitus

*

Kasense, 10 Januari 2021

Vitus,

Marahaba. Krismasi ilipita salama, mvua zimetukubali, mahindi yanafika kiunoni. Justa anasoma darasa la ngapi sasa? Nauliza kwa sababu hujanitajia mtoto mwaka huu wote.

Mtu wako alikuja na kuondoka. Nitakueleza nilichokiona, wewe utanieleza ni nini.

Alivaa barakoa tangu anashuka kwenye gari mpaka anapanda tena. Ndani sawa, kanisani sawa, nasi tunavaa. Lakini nilimwona shamba la juu, yuko peke yake kwenye majani yaliyompita kichwa, na barakoa usoni. Mahindi hayaugui Korona, Vitus, wala majani. Mtu anayejifunika uso porini anamficha nani?

Kuku hakuwatazama hata siku moja. Mgeni wa kweli utamjua hapo. Mtu aliyekuja kupumzika anatazama kuku, anatazama moto, anatazama mikono ya watu wakifanya kazi. Huyu alitazama mipaka. Alitembea pembeni pembeni ya shamba na simu mkononi ameishika mbele, anasimama, anaibonyeza, anaendelea. Aliniuliza kisima hukauka mwezi gani. Aliniuliza barabara hupitika masika yote. Aliniuliza niko na nani hapa. Nikamjibu niko na Mungu na mbwa wawili.

Jembe sikumpa, kwa kuwa uliniomba. Nililiegemeza tu mlangoni kwake. Alilipita.

Nilikasirika, mwanangu, na bado nimekasirika ninavyoandika. Kama kuna la kuniambia, niambie sasa nikiwa bado nakusikiliza.

Epifania

*

Arusha, 14 Februari 2021

Shangazi,

Shikamoo. Wewe ungekuwa polisi tungekoma. Theodory ni mtu wa mjini, anaogopa ugonjwa, na simu anaishika hivyo kwa sababu anatafuta mtandao. Basi. Mashaka yako yatatufukuzia wageni wote.

Nami niulize langu. Nasikia Mathias anapanda huko kutoka Kipili kila mwezi. Mvuvi anatafuta nini mlimani? Usiniambie ni migebuka. Mimi ndiye mtoto pekee wa baba, na sitaki kusikia kesho kwamba mtu amegawiwa kitu nikiwa mbali.

Mwaka huu tafadhali msiliguse shamba la juu. Yaacheni majani yalivyo, yanavutia, wageni watayapenda. Naandika kwa heshima lakini naandika kwa uzito.

Justa hajambo.

Vitus

*

Kasense, 28 Machi 2021

Vitus,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimeielewa. Huku tumewazika wazee wawili mwezi huu, wote kifua, na hakuna aliyesema ni nini. Tunajifukiza, tunasali, tunalima. Majani ya shamba la juu ni marefu kweli. Wote tumeyaona.

Tuna mgeni, amekuja kukaa. Halipi, lakini anaosha vyombo na haulizi mipaka iko wapi.

Sina la zaidi kwa leo.

Epifania

*

Arusha, 2 Mei 2021

Shangazi,

Umemwambia nini Theodory? Amekuja huko na mpima wiki ya Pasaka, amerudi hataki hata kupokea simu yangu. Mara moja tu amepokea, akasema hawezi kununua shamba lenye wenyewe wengi kuliko mahindi, akakata.

Ndiyo, kununua. Umetaka niseme, nimesema. Angejenga vyumba pale juu, wageni wangekuja mwaka mzima, na mimi angeniweka meneja. Wewe ungebaki na nyumba na bustani ya bondeni, nilimwambia hivyo, nililipigania hilo. Lile shamba ni la baba yangu.

Unafikiri nilikuwa nachezea? Zaidi ya mwaka sina kazi. Kampuni imeuza magari. Mwenye nyumba alichukua kitanda, Shangazi, alikitoa mlangoni mtaa mzima ukitazama, na Justa akauliza kama tunahama. Wewe uko huko una maziwa na mahindi, unahesabu nani anatazama kuku na nani hatazami. Ungeniacha nifanye jambo moja maishani bila kunichungulia.

Na huyo mgeni asiyelipa ni nani? Nani amekupa ruhusa ya kuweka watu kwenye nyumba ya baba?

Vitus

*

Kasense, 23 Mei 2021

Mwanangu Vitus,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia. Nimeitikia mwenyewe ili barua isianze vibaya. Sisi wazima. Ndama wa ng'ombe mwekundu ameacha kunyonya, na mahindi tumeanza kuvuna.

Theodory sikumwambia neno baya. Alikuja na mpima na vyuma vyao, nikawapa maziwa mgando, wakanywa. Nikamwambia karibu, twende ukaone.

Wewe ulikataza shamba la juu lisiguswe. Nilikaa na barua yako magotini, nikajua. Mtu anayetaka wageni hawezi kuogopa jembe, kwa sababu jembe ndilo Sharon alilolipenda. Aogopaye jembe ni yule anayetaka ardhi ionekane haina mwenyewe. Basi nikapika pombe ya ulezi, mitungi mikubwa, nikaita ukoo wote kwenye lima, waje walime pamoja kisha wanywe.

Walikuja, Vitus. Ndugu zetu wa kijiji cha Kaoze walipanda mlima kwa miguu. Sista Kristiana, binti wa ukoo wetu, aliomba ruhusa kwa mkubwa wake, akakunja kanzu. Mathias alikuja na mke wake na jembe jipya, na kama bado unauliza mvuvi anatafuta nini mlimani, alikuwa akinitengenezea paa, maana lilikuwa linavuja juu ya kitanda changu nami sikutaka kukusumbua. Rafaeli si wa ukoo, lakini alisimama pembeni ameshika jembe lisilo na shamba, nikamwita naye.

Tuliinua ntumba kama alivyokufundisha baba yako: nyasi zinang'olewa na udongo wake, zinageuzwa kichwa chini, zinafunikwa kuwa tuta la duara ili zioze humo ndani. Juu tumepanda maharage. Mvua zikirudi tutayasambaza matuta na kumwaga ulezi. Kila mtu nilimpa mstari wake, akainua matuta yake, na unajua vizuri kwamba aliyeinua tuta hapa kwetu haondolewi mpaka ale ulezi wake. Wakishaula tutainua mengine.

Basi tulipofika pale juu Theodory akaonyesha tuta la kwanza, akauliza, "Hili la nani?" Nikamwambia. "Na hili?" Nikamwambia, na mama yake ni nani, na ameolewa wapi. Mpima alikuwa anaandika, kisha akaacha kuandika. Jua lilifika utosini hatujafika kisimani. Theodory akakaa chini kwenye majani, akavua barakoa, nikamwona uso kwa mara ya kwanza. Ni mtu wa kawaida tu, amenyolewa vibaya. Akasema, "Mama, hawa wote lazima waweke sahihi?" Nikamwambia, "Walio hai, ndiyo. Waliokufa tutawauliza kwanza." Alicheka, nisimnyime haki yake, alicheka kweli. Akaomba maziwa mengine, wakaondoka na vyuma vyao. Hayo ndiyo yote niliyomfanyia.

Unasema shamba ni la baba yako. Baba yako alikuwa kaka yangu. Alilipokea kwa watu na alilishika kwa ajili ya watu, na hakuna siku aliyosema langu bila kusema letu. Ulikuwepo ulipokuwa mdogo, ulisikia.

Sasa mgeni asiyelipa. Ni Lydia.

Alishuka kwenye basi mwezi wa tatu, Justa mgongoni amelala, begi moja. Nilipomwona tu nilijua barua zako zote zilikuwa zinapita pembeni ya nini. Hakukusema vibaya hata neno. Nilimuuliza kuna nini, akasema, "Vitus haongei, Shangazi. Anaamka, anakaa, anatazama simu, haongei." Hilo la kitanda alinieleza kwa kifupi, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Kwa hiyo usiniandikie kwamba naishi na maziwa yangu sijui njaa yako. Naijua. Imelala chumba cha baba yako, na usiku inakuulizia.

Sikukuambia yuko hapa, nikakuacha udhani yuko kwao, kwa sababu sikukuamini. Niliogopa utamtumia yeye kunipata mimi. Nakupenda na sikukuamini, na mambo hayo mawili yameishi ndani yangu mwaka mzima bila kugombana. Iliniuma, nisikudanganye. Ningependa sana kuwa shangazi mjinga anayepokea wageni na kufurahi.

Sharon ameandika. Anakuja Julai na wenzake kutoka kazini, wengi kuliko vitanda tulivyonavyo, anauliza wamwone nani, gari litawapokea wapi, atakula nini asiyekula maharage. Mimi mambo hayo siyawezi. Lydia anaweza nusu, nusu nyingine ni ya mtu aliyezoea kubeba watu na maneno yao barabarani tangu asubuhi hadi jioni. Ulisema kuwatafuta ni kazi yako. Hakuna aliyekunyang'anya.

Siku ya lima nilikuwekea mstari wako. Lydia ndiye aliyeuinua. Si mtu wa huku, hajui, majani yanachungulia nje ya udongo kila upande na Mathias alicheka mpaka akakaa. Maharage yamefunga hivyo hivyo, lakini magugu yameyashinda, kwa sababu nimemkataza kila mtu asiyapalilie, hata yeye. Watu wakipita kwenda kanisani wanaona mistari yote misafi na mmoja mchafu, wanauliza ule wa nani. Nawajibu ni wa Vitus, yuko njiani anakuja.

Mimi ni mzee, na kila Jumapili nakomunika. Usinifanye mwongo.

Shangazi yako,
Epifania